Mafaili Yaliyofika Kabla ya Wakati

Kazi ile ilinigharimu siku nne, mabando mawili na kompyuta nne. Nimehesabu tena, ni hivyohivyo.

Kompyuta zilikuwa tano, kuukuu, za mama anayeuza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo. Alitaka kuziuza kama chuma chakavu. Nikambembeleza anipe hadi Ijumaa: nikizifufua, tatu zake, mbili zangu. Nilihitaji programu nyepesi ya kusakinisha vifurushi vya mfumo wa Linux, na kwa mashine kongwe vile ilibidi niijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake.

"Vifurushi vya wiki au vya mwezi?" mama akauliza.

"Si vya intaneti, mama. Ni programu."

"Basi havinihusu."

Kila asubuhi nilikaa dukani kwake, nikarekebisha msimbo kwenye laptop yangu, nikauhamisha kwa flashi. Mashine yake niliyoanza nayo ilijenga programu, ikakaribia mwisho, ikaanza upya. Mara tisa. Nikaijenga kwenye laptop, nikaileta ikiwa tayari, nikajaribu kusakinisha kifurushi nilichokisaini muda uleule. Ikakataa: saini imetoka wakati ujao. Nikabadilisha ufunguo wa saini, nikabadilisha flashi, nikamshuku hadi aliyeniuzia flashi.

Ijumaa, mnunuzi wa chuma chakavu ameshafika na mkokoteni, ndipo nikaitazama vizuri saa ya kwenye kioo cha mashine ya mama. 4:20. Na kweli ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Siku zote hizo nilikuwa naiona iko sawa.

"Mama, hii saa nani anaiweka?"

"Mimi. Kila nikiiwasha inasahau. Ikiwa saa tatu naandika tatu. Ulitaka niandike ngapi?"

"Tisa."

"Saa tisa mimi nafunga hesabu, baba. Asubuhi na saa tisa wapi na wapi?"

Nikaandika kumi na ishirini kama ilivyo kwenye laptop, maana kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, na kwa saa ya mama mafaili yangu yote yalikuwa yametoka saa sita mbele. Kifurushi kikaingia. Nikakitoa, nikakiingiza tena. Nilipogeuka, zile nne nyingine zilikuwa juu ya mkokoteni zimefungwa kamba, na mwenye mkokoteni akanitajia bei ya kuzishusha kubwa kuliko aliyozinunulia.

Iliyobaki ni ya mama, hilo hatukubishana. Inafanya kazi. Ila ameirudisha saa nne, maana hawezi kuandika mauzo ya asubuhi kwa saa ya jioni, na vifurushi vimegoma tena. Anayejua namna ya kuifanya mashine imwoneshe mama nne huku yenyewe ikijua ni kumi, anielekeze. Mimi nimeshamweleza mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeonekana ana akili.