Kompyuta ya Watu Watano

Mwalimu Nasambu alitufundisha kompyuta karibu mwaka mzima bila kompyuta. Chekeni tu. Hata Eldoret mjini walitucheka, hasa wale ambao hata taipureta walikuwa wakiionea dirishani. Lakini sisi tuliokuwa ndani ya ukumbi wa zamani wa kanisa pale mtaa wa Pioneer, alasiri zile za ukungu wa Julai, tuliiona. Alituambia tufumbe macho, nasi tukaiona.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nasambu alikuwa mwalimu wa taipu kutoka upande wa Bungoma, mwembamba, mpole wa sauti, na alipozungumza nawe macho yake yalikuwa kama yanatazama kitu kilicho mbali nyuma yako. Alikuwa amekwenda Nairobi kwa kozi ya kompyuta, akakuta mashine moja na umati wa wanafunzi. "Mimi nilichogusa ni mgongo ya mtu alikuwa mbele yangu," alituambia bila aibu yoyote. Lakini alisikiliza vizuri, na mfadhili mmoja huko akamwahidi mashine kuukuu. Aliporudi akaanza kufuma kitambaa cha kuifunika, akikisia ukubwa wake.

Basi wakati tukiingoja, kompyuta ikawa ni sisi. Musimbi alikuwa kibodi, yaani vile vibonye vya herufi, na kazi yake ilikuwa kuingiza maneno, moja baada ya jingine. Mwalimu mwenyewe alikuwa prosesa, anayepokea kila kitu na kuamua kiende wapi. Mwenzetu Wanyama alisimama ubaoni na chaki. Huyo alikuwa skrini, anayeonyesha tu bila kuelewa, na kwa Wanyama hilo halikuwa gumu. Khisa alikaa karibu na mlango akiwa diski, ambayo hutunza kazi hata mashine ikizimwa. Nami, Adero, nilikuwa kumbukumbu, ile ya kushika kazi inapoendelea.

"Na programu ni nini, Mwalimu?" Musimbi aliuliza siku moja.

"Programu ni maagizo. Uko na maziwa, uko na kibuyu, uko na makaa. Bila mtu kukuambia uanze na gani, uko na maziwa lala, mursik? Huna."

Kazi yangu niliichukia kabisa. Kila neno lilipita kwangu, nikalishika. Mwalimu aliposema "Weka!" nilimpa Khisa, naye akalirudia kwa sauti, na hapo ndipo likawa limehifadhiwa. Lakini Mwalimu akifunga madirisha ya mbao kabla ya kusema weka, ukumbi ukawa giza, basi stima, yaani umeme, imekatika, na mimi natakiwa kusahau yote. Mimi, ambaye nyumbani bibi alinikabidhi majina ya ukoo mzima!

"Toa, Adero," Mwalimu angesema polepole gizani. "Kumbukumbu bila stima ni kikapu bila kitako." Nami nilitikisa kichwa nikatoa, huku Khisa akinitazama kwa majivuno ya mtu aliyerithi shamba.

Mwenye ukumbi, kwa namna fulani, alikuwa Mzee Kipkemboi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ibada ilikuwa imehamia jengo jipya, na mavuno yalikaribia. Alitaka ukumbi uwe ghala la mahindi ya kanisa. "Huyu mama anacheza kalongolongo na watoto ya watu," alisema, kana kwamba tulikuwa watoto wa kupika matope. Akaweka siku ya kuja kujionea. Akikuta mchezo, sisi nje, mahindi ndani. Nasambu hakuwa na mahali pengine pa kufundishia. Jioni moja nilimkuta akipangusa meza tupu, akiizunguka taratibu kana kwamba kuna kitu juu yake, na nilimhurumia.

Kompyuta ilifika juma la mwisho kabla ya siku hiyo, juu ya lori la mbolea, imeviringishwa blanketi. Kitambaa kikawa kidogo, kikakaa juu yake kama kofia ya mtoto mchanga. Siku ya Mzee kuja, sote tulivua viatu mlangoni na madirisha tukayafunga, maana Mwalimu alikuwa amesikia kwamba vumbi huiua. Mzee naye akavua. Kidole gumba kikachungulia kwenye soksi, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Mwalimu alimweleza kila sehemu ya mashine, na nani kati yetu alikuwa sehemu ipi. Kisha akaiwasha. Kamstari kadogo ka kijani kakaanza kuwaka na kuzima kwenye ule weusi.

"Inapumua," Musimbi alinong'ona.

"Sema kitu, Mzee, niandike," Mwalimu alisema.

"Niseme nini?"

"Yoyote. Hii ukumbi ilijengwa aje?"

Mzee akakohoa. "Mawe ilitoka mtoni." Maneno yakatokea mbele yake, ya kijani. Akayatazama. Sauti yake ikashuka. "Jelagat alibeba mawe, na mtoto kwa mgongo. Akiimba. Nikamwambia pumzika. Akasema atapumzika ndani, siku ya ibada ya kwanza. Hakufika hiyo siku."

Jelagat alikuwa mkewe. Tangu amzike, hatukuwa tumemsikia akimtaja. Akasogea, akagusa kioo pale jina lilipokuwa. Mwalimu alikuwa akilia. Nadhani ndiyo maana alisahau. Mvua ikaanza kupiga mabati, radi ikanguruma, stima ikakatika.

"Ameenda wapi?" Mzee akauliza gizani. "Mama, umempeleka wapi?"

"Pole, Mzee. Sikuwa nimeweka." Na kwa mazoea akamgeukia Khisa.

"Hukusema weka, Mwalimu," Khisa akajibu, mnyoofu kama rula.

Kanuni niliijua. Stima ikikatika, natoa. Siku hiyo nilikataa. Nilifumba macho nikaanza: "Mawe ilitoka mtoni." Nikayasema yote kama alivyoyasema, na pale aliponyamaza nami nikanyamaza, hadi ile siku ambayo Jelagat hakufika.

Mzee akaigeukia sauti yangu.

"Huyu ni nani?" Mzee akauliza.

"Ni kumbukumbu," Mwalimu akajibu.

"Ile yenye kusahau stima ikienda?"

"Ndiyo, Mzee."

Fimbo yake ikagonga sakafu, ikaelekezwa mlangoni alipokaa Khisa. "Na yule ndiye wa kuweka?"

"Ndiye."

"Basi weka, kijana. Weka haraka, kabla huyu msichana hajasahau."

Khisa akasimama, akaanza kurudia. Mwaka huo mahindi ya kanisa yalilala nje, chini ya turubai.