Kisanduku Chenye Kujua Baridi Yangu

Wakati nilihama mutaa wa Annexe, kule pembeni, kuya kuishi kwa binti yangu, mu etaji, nyumba ya gorofa mupya ya mu muji, nilikuta kisanduku cheupe ku ukuta wa chumba yangu, na taa moja ndogo. Binti akaniambia kinapima joto tu. Kintu chenye kukuangalia usiku na muchana bila kufunga jicho, sitakiamini juu ya neno la mutoto niliyezaa mwenyewe.

Bwana wake, muko wangu, njo anachunga ile etaji. Bakaguzi ba mbali balipashwa kuipa cheti, kusema ni nyumba isiyoharibu hewa, isiyotesa bantu. Lakini balitaka mambo mbili: kisanduku kipime joto, na mwenye kulala mule aulizwe kama anasikia muzuri mu mwili. Mambo ile ikipingana, cheti inapotea, pengine na kazi yake pamoja.

Kila juma binti aliniuliza, simu mu mukono kwa kuandikia bakaguzi jibu. Kila mara nilijibu: iko muzuri. Kumbe ilikuwa mwezi wa sita, dirisha inapitisha upepo kama kitunga, baridi inanikata mifupa. Lakini kwetu, muko humuangalie mu macho, hukule naye sahani moja. Utamwambia aje kama nyumba yake iko mubaya? Afazali kulala na koti.

Siku moja muko wangu akasimama inje ya mulango wangu, amegeukia ngambo, akauliza binti kwa nini mama muko anasema muzuri na kisanduku kinasema baridi. Akasema bakaguzi batawaza tunabadanganya.

Njo kusema kilikuwa kinanisema muda yote.

Niliwaza kukifunika na kitenge. Halafu nikasimama mbele ya kile kisanduku, mugongo ku mulango, muko angali inje.

"We kisanduku, ambia mwenye kukuweka: dirisha inaingiza baridi. Mimi sikulalamika. Ni wewe umesema."

Muko wangu akajibu kule inje, na heshima yake yote:

"Kisanduku, ambia mama muko kesho fundi atakuya. Tunamushukuru."

Binti alikuwa anacheka mu jikoni, mukono ku kinywa.

Fundi alifunga dirisha muzuri. Juma iliyofuata nikajibu tena iko muzuri, na ile mara kisanduku kikakubali. Cheti ilikuya, iko inatundikwa kule chini ku mulango.

Lakini nikiwa na neno la kusema na binti, tunatoka ku baraza. Chenye kimekusema mara moja kinajua njia.