Somo la Mkate wa Pipa

Mwaka 2012 nilifika Lodwar nikiwa utingo wa lori la simenti. Kabla ya hapo nilikuwa nimechunga ngamia wa watu, nimepaka kanisa rangi, nimeuza miwani ya jua. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, niliondoka tu, kama mtu anayetoka kwenye harusi ambayo chakula kimechelewa. Na nina ugonjwa mmoja ambao sijawahi kuupatia dawa: nikimwona mtu anafanya jambo kwa mikono, lazima nisimame niulize. Lori liliondoka Lodwar bila mimi kwa sababu nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mzee aliyekuwa akiziba jerikeni iliyopasuka kwa kisu cha moto.

Kwa kukosa pa kwenda nikaanza kushinda saiba, kile chumba cha mabati chenye kompyuta za mitumba na feni moja iliyokuwa ikimpepea mwenye saiba peke yake. Alikuwa fundi wa kompyuta, mtu mpole, lakini nilimuuliza maswali mpaka upole ukamwisha.

"Wee jamaa," akaniambia, "haya yote unayouliza, ungekuwa unayaandika ungeshakuwa na gazeti."

"Nikiandika nani atasoma?"

"Mtu mwingine asiye na kazi."

Ndivyo tovuti yetu ilivyozaliwa. Kila ukurasa ungekuwa somo moja la kazi ya mikono, kwa Kiswahili ambacho hata aliyekiokota sokoni angekifuata. Hakuna kulipa, hakuna kulipwa. Somo la kwanza lilikuwa la jerikeni. Chini ya ukurasa fundi aliweka kihesabu cha wasomaji, nacho kikapanda haraka sana. Tulipeana mikono kila asubuhi, hadi alipogundua kwamba kilikuwa kikituhesabu sisi wawili kila tulipofungua kuangalia kama kimepanda.

Tukaanza kutafuta watu wa kujitolea. Nilikuwa na hotuba, ilikuwa na neno "mwanga" mara nyingi. Watu walinisikiliza kwa heshima, kisha wakauliza tunalipa nini. Nikisema hatulipi, waliuliza kama basi kuna soda.

Wachache waliokubali walituletea taabu nyingine. Tulikuwa na sheria kwamba somo halipandishwi mpaka lijaribiwe na mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, mwandishi akiwa amekaa kando anatazama. Sasa, hakuna fundi duniani awezaye kutazama kando. "Si hivyo! Geuza! Lete nikuonyeshe!" Mjaribu anafaulu, somo linapanda, halafu msomaji wa mbali, asiye na mtu wa kumpigia kelele, anaharibu kila kitu. Fundi wa kompyuta ndiye aliyepata dawa: mwandishi ajaze maji mdomoni muda wote wa jaribio. Kwa joto la Lodwar wengi waliyameza. Tukaongeza sheria kwamba ukimeza unajazwa tena, na nina hakika wapo waliotuandikia masomo kwa ajili ya kiu tu.

Mwaka uliofuata nilidandia lori hadi Kakuma. Nilikuwa nimesikia kwamba katika kambi ya wakimbizi ya huko kuna mafundi wa kila aina, na nilichokuta kilinitia wazimu wa furaha. Vijana wa Sudan Kusini walikuwa wakifufua redio zilizozikwa. Kulikuwa na mshonaji Mrundi aliyekata suruali bila kupima. Na kulikuwa na mama wa Kikongo aliyeoka mkate ndani ya pipa la mafuta lililolazwa ubavu na kukandikwa udongo. Mkate wake ulinunuliwa kambini na mjini, na kwenye hoteli ndogo za barabarani, ambako walimu walikuja kuugombania.

Huyu mama akawa nguzo yetu. Alikuwa mjaribu mkali kuliko wote. Somo la kuziba pancha ya baiskeli alilirudisha mara mbili, akisema mwandishi ameandika kama mtu anayekimbizwa. Lakini nilipomwomba somo la mkate alikuwa mzito.

"Papa," aliniambia, kwa maana Wakongo humwita papa hata mvulana asiye na ndevu, "bantu banakula mukate yangu sababu hawajue kuifanya. Wakijua, mimi nitakula nini?"

"Utapigwa picha," nikasema. "Dada yako huko aliko ataifungua aione."

Dada yake alikuwa amepelekwa nchi ya baridi na hawakuwa wameonana miaka. Nilijua ninalofanya. Mama akafunga kitambaa chake upya kichwani, akasema picha ichukuliwe upande wa kushoto.

Somo likaandikwa. Lilisomeka vizuri, labda vizuri mno. Sasa tulihitaji mjaribu, na kambini kila jirani alikuwa ameshachungulia pipa lile. Siku hiyo akapita mama wa Kiturkana aliyekuwa akitembeza makaa kutoka pande za Lopur, gunia kichwani, shanga zimejaa shingo. Ndiye aliyemuuzia muoka mkate makaa kila asubuhi.

"Ejok," nikamwamkia. "Mama, umewahi kuoka mkate?"

"Ejok. Mimi nakula ya huyu. Kuoka sijui."

"Tumepata mjaribu!" nikapiga kelele.

Muoka mkate alinitazama kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu, na kiatu chenyewe keshakivaa. Alinivuta nyuma ya tanuri.

"Yule hapana! Makaa ni yake. Mimi nanunua, yeye anapata bure. Akijua mukate, kesho anauza kwa bei ya maji, mimi nafunga."

"Wewe ndiye uliyesema mjaribu hachaguliwi."

Alikuwa amelisema, tena kwa sauti, siku ya pancha, mbele ya watu waliokuwa wakicheka. Akaenda kujaza maji mdomoni.

Nilisoma kwa sauti, hatua kwa hatua, na mama wa makaa akafanya. Hatua ya unga na chumvi ilipita vizuri. Kisha nikasoma: "Kanda hadi mkono uchoke."

Akakanda. Akakanda tena. Watu wakaanza kukusanyika. Mimi nilikaa chini.

"Mkono haijachoka," akasema. "Niendelee?"

Huyu ni mtu aliyetembea na gunia kichwani kutoka Lopur tangu usichana wake. Tungemngoja achoke, ungeingia msimu wa mvua. Mashavu ya muoka mkate yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko na tone likamtoka puani. Nilifuta hatua ile palepale, nikaandika kanda hadi unga uache kushika sufuria.

Unga ukaumuka. Muoka mkate alimeza maji, akajazwa tena. Mama wa makaa akawasha debe moja la makaa yake mwenyewe ndani ya pipa, akangoja yawe mekundu, akayakokota nje kwa koleo na kuyafukia mchangani yasiishe. Nikasoma hatua iliyofuata: "Ukishatoa makaa, ingiza mkate."

Hapo nikaona macho ya muoka mkate yamebadilika. Alikuwa ameacha kucheka. Alitazama mdomo wa pipa, ambao joto lake lilikuwa linaifanya hewa icheze, akatazama madonge ya unga, meupe, yameumuka kama mashavu ya mtoto. Mama wa makaa aliinua sinia. Muoka mkate akasimama, akaketi. Akashika magoti yake. Sinia ikakaribia mdomo wa pipa.

Maji yakaruka. Yalinipata mimi, kitabu changu, na kijana mmoja wa zile redio aliyekuwa akitupigia picha.

"Unga! Tupa unga kwanza, weye! Unga kidogo chini ya pipa! Ikiwa nyeusi mara moja, ngoja! Panguza na gunia ya maji! Ikiwa ya kahawia polepole, ndiyo uingize! Utanichomea mukate!"

Wote tuliokuwa pale tukajua kwamba hatua hiyo haikuwa kwenye somo, na kwamba haikusahauliwa.

"Mukate ni mukate," akasema muoka mkate, taratibu, akijifuta kidevu. "Siwezi kuangalia inakufa."

Mama wa makaa akarudisha sinia chini. Akatupa unga, ukawa mweusi. Akapanguza, akangoja, akatupa tena. Safari hii uligeuka kahawia bila haraka. Akaingiza sinia, akafunga mlango wa bati, akaketi juu ya gunia lake. Muoka mkate aliketi upande wa pili akitazama maisha yake yakiiva kwa mtu mwingine.

Mikate ikatoka. Ilikuwa mizuri. Mama wa makaa alimega mmoja, akatafuna huku akiitazama iliyobaki, kisha akatazama rundo la mchanga alikofukia makaa, ambayo mengi yalikuwa bado mazima.

"Debe moja," akasema.

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Debe moja, na ingine imebaki. Mikate yote hii." Akamgeukia muoka mkate. "Na kila asubuhi unanililia. 'Nipunguzie mama, mukate inakula makaa yote, sibaki na kitu.' Mimi napunguza. Naongeza ya juu hata. Mimi nafikiri wewe unapika na gunia mzima, naona huruma!"

"Mama, leo ni siku ya bahati tu..."

"Kutoka kesho bei yako ni ya hoteli."

"Ya hoteli! Mimi mukimbizi!"

"Hata mimi nakimbia. Nakimbia na gunia kutoka Lopur kila siku ya Mungu."

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka. Nikauliza lile ambalo muoka mkate hakuthubutu kuuliza: "Na mama, kuoka sasa utaoka?"

Alitazama pipa, akatazama jua.

"Nisimame kwa moto, na jua iko hapa bure? Huyu apike. Mimi niko na bei."

Akabeba gunia lake akaenda. Muoka mkate aliketi pale na mkate mkononi, hajui acheke au alie.

"Bora angeoka," akaniambia mwishowe. "Angeoka ningemushinda."

Somo likapanda na hatua ya unga ndani yake, na picha ya upande wa kushoto. Dada mtu aliiona, akamwandikia muoka mkate kwamba amenenepa. Na tovuti ikakua. Hotuba yangu haikuhusika kabisa. Habari zilienea kwenye foleni ya maji kwamba kuna vijana ambao wakiandika kazi ya mtu, anayemuuzia au kununua kwake anamwona mpaka mifupa. Mwenye hoteli akataka somo la maziwa ya mgando. Mwenye maziwa akataka la chai ya hoteli. Sikulala njaa mwezi ule.

Muoka mkate naye akaja. "Papa, ile ya kuchoma makaa mutaandika lini? Mimi nitajaribu."

Nikampelekea ombi mama wa makaa nikitegemea matusi. Akakubali kabla sijamaliza, kwa sharti kwamba mjaribu akate miti mwenyewe.

Walienda wawili hadi pembeni ya Lopur, kwenye vichaka vya mathenge, ule mti ambao miba yake hupita hadi tairi ya lori. Mimi nilifuata nikisoma. Sitaeleza yote. Muoka mkate alirudi kambini jioni na miba miwili kisiginoni, mweusi hadi kwenye kope, tanuru lake la udongo likiwa limetoa majivu matupu.

Kesho yake asubuhi makaa yakaletwa kama kawaida. Muoka mkate alilipa bei ya hoteli bila kuomba apunguziwe. Mama wa makaa alisimama na pesa mkononi, akamtazama vizuri, kisha akamuuliza kama ni mgonjwa.