Nondo Kwenye Koti la Baba

Nilipokuwa mtoto pale Nakawa, nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuua nondo. Nyanya, mama yake baba, alituonya: nondo mdogo mweupe akitua kwenye nguo ya mtu aliye safarini, basi mwenye nguo amekufa, na hiyo ndiyo roho yake imerudi. Wakati ule nilicheka. Siku hizi sicheki.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alikwenda Masaka na mzigo, vita vikamkuta huko. Vita vya 1986 vikaisha, madereva wenzake wakarudi mmoja mmoja, yeye kimya. Nyanya akasusa chakula. "Nile vipi na mwanangu hajala?" Uji ukawa unaganda pembeni yake, naye anakonda huku tunamwona. Kila nilipoamka niliogopa kumkuta ameshakufa.

Mama alisuka mikeka ya mafunjo akaiuza sokoni. Mafunjo aliyakata mwenyewe kwenye kinamasi cha upande wa ziwani, na mvua zikizidi aliyaanika chumbani, chini ya msumari lilipotundikwa koti la baba.

Asubuhi moja nyanya akapiga ukelele. Nondo mdogo mweupe alikuwa ametua kwenye kola ya koti.

"Amefika," alisema. "Mwanangu amefika."

Majirani wakajaa. "Kitalo, nnyabo! Pole sana, Mama Nekesa," jirani yetu Mganda alilia akimkumbatia mama, kisha mama akaenda kuwatandikia wageni mikeka. Tuliimba nyimbo za kanisani, tukalia mpaka sauti zikakauka. Matanga yalipokwisha nyanya akaomba ugali, akala, akaishi miaka mingine mingi.

Nilikuwa mtu mzima siku niliyomsaidia mama kupasua mafunjo mabichi, nikaona kiwavi ndani ya bua.

"Huyo hugeuka nondo mweupe," mama alisema, mikono ikiendelea na kazi. "Kila mvua wanatoka humo."

Nilishtuka. "Kwa hiyo siku ile ulijua?"

"Nilijua. Ningesema, nyanya yako angekufa njaa."

"Na wewe, mama? Si ulimlilia baba pamoja nasi?"

"Mimi? Mimi bado namngoja."

Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Sisi sote alituachia tulie tupone, yeye akabaki bila kilio. Nimeacha kumsihi ahamie kwangu Bukoto. Baba akirudi, Nakawa ndipo anapopajua.