Fundi Waya na Kompyuta Zisizo na Dereva

Huyu fundi tulimwita Waya. Jina lake la kwao lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini hakuna aliyelitumia, na hata ukimwita kwa jina hilo alichelewa kugeuka. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na shingoni hakukosa waya wa mtandao uliozungushwa, kama mtu aliyetoka kumtafuta ng'ombe akarudi na kamba tu. Watu wa ofisi ile wanamkumbuka kwa wiki moja aliyochelewesha kompyuta. Mimi naijua wiki hiyo kuliko wao, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nafagia pale na kupika chai. Miaka kumi na tisa. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, nikaacha kabla ya mwisho kwa sababu mwalimu alinicheka, na mimi sichekwi. Kwa hiyo nasoma herufi moja moja, kwa kidole, mpaka neno liishe. Asinionee mtu huruma. Waliosoma wanatupia jicho mwanzo wa neno na kujifanya wameliona lote.

Waya alikaa chumba cha mwisho, chenye dirisha linalotazama ukuta. Alikuwa na viti viwili. Kimoja cha kukalia, kingine aliwekea nyaya. Akiniona naingia na chai, alikuwa anaziondoa haraka na kukipangusa kile kiti kwa mkono.

"Karibu ukae, mama."

"Mimi sikai kazini."

Basi anazirudisha nyaya zake taratibu. Kila siku tulisema hivyo hivyo, sijui miaka mingapi. Chakula cha mchana alikula pale pale, amekipa mlango mgongo, anaongea na mashine. "Haya, amka basi. Nani kakuudhi tena?" Mara ya kwanza nilidhani ana mgeni, nikaleta vikombe viwili.

Mke wake alikuwa ameondoka zamani, na binti akaenda na mama yake. Waya alikuwa hajamwona mtoto huyo miaka saba. Mwenyewe hakuwa msemaji. Alinieleza siku kompyuta mpya zilipokuja, kwa sababu siku hiyo alikuwa na furaha isiyokaa ndani. Binti alikuwa amepata kazi nchi ya mbali. Angepanda ndege Jumamosi adhuhuri. Alimpigia baba yake mwenyewe, bila kutumwa, akamwambia aje wakae pamoja Ijumaa jioni, wazungumze mpaka wachoke.

Kwenda mji aliokaa binti lilikuwepo basi moja tu kwa siku, la saa nane mchana. Waya akaenda kwa Mkuu wa ofisi kuomba ruhusa. Mkuu alikuwa mtu wa sauti ndogo na roho ngumu.

"Kompyuta ni ngapi?" akauliza.

"Arobaini, Mkuu."

"Nikiziona zote arobaini zinafanya kazi, hata Alhamisi nenda. Pasipo hivyo, huondoki."

Waya akarudi akipiga mluzi. Alisema kazi yenyewe ni ndogo. Hakuhitaji kuitayarisha kompyuta moja baada ya nyingine kama anayechuma mboga. Aliitengeneza moja mpaka ikatulia, akaichukua picha, picha akaihifadhi kwenye mashine kubwa ya pembeni aliyoiita mama. Zile nyingine unazichomeka waya, kila moja inamwita mama, mama anaipa picha, nayo inakuwa kama ile ya kwanza.

"Picha gani hiyo isiyo na mtu?" nikamuuliza.

"Picha ya tumbo lake, mama. Kila kitu kilichomo."

Jumatatu akachomeka ya kwanza. Ikamwita mama. Mama akaitikia, akaipa kianzio kidogo cha kuamkia. Ilipofika zamu ya kuomba picha, ikanyamaza. Waya akatoka chumbani akijikuna kichwa, akakutana na Mkuu. Mimi nilikuwa nagawa chai, na Dereva wa gari la ofisi ameegemea ukuta na kikombe chake.

"Tatizo ni nini?" Mkuu akauliza.

"Dereva, Mkuu. Dereva hayupo."

Dereva akaruka, chai ikamwagikia shati. "Sipo vipi? Nipo hapa tangu saa moja! Waya, nimekukosea nini wewe?"

Tulicheka mpaka Mkuu akatabasamu upande mmoja. Waya akamshika Dereva bega, akatueleza. Kila kiungo cha kompyuta kinahitaji kitu cha kukiendesha, na mafundi wanakiita dereva. Kile kipande kinachoongea na waya wa mtandao kilikuwa kipya, na kianzio alichotoa mama hakikuwa na dereva wake. Gari limewaka, usukani hauna mtu.

"Basi nipeni mimi," Dereva akasema, "nimeshazoea kuendesha vitu vibovu."

Jumanne Waya akamtafuta dereva huyo, akampata, akamtia ndani ya kianzio. Kompyuta iliyokuwa mezani ikapokea picha vizuri kabisa. Akaja mpaka jikoni kwangu kuniambia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, Ijumaa naondoka!" Kesho yake angezipanga kumi kumi, yaishe.

Siku hiyo hiyo mimi na Dereva tukazitoa zote kwenye maboksi. Maboksi nikayakunja stoo, na kila boksi nikalisoma lebo. Sikuwa na haja ya kusoma. Nilijizoeza tu, maana nyumbani hakukuwa na cha kusoma wala wa kumsomea. Lebo zote zilianza sawasawa, neno refu lenye namba katikati. Mwisho ndio uliokuwa tofauti. Nyingine ziliishia na ile herufi ya kikombe, U, nyingine na ile ya nyoka, S. Nikazihesabu. Vikombe ishirini na sita, nyoka kumi na nne. Na nyuma ya kila kompyuta kulikuwa na lebo ndogo yenye neno lile lile.

Jumatano Waya akazipanga kumi. Sita zikapokea picha, nne zikanyamaza. Akabadilisha nyaya. Akazihamisha meza. Akazizima na kuziwasha. Zile nne kimya. Nilimsikia anarudia, "Zote ni aina moja, zote ni aina moja," na kila mara alikuwa anatazama lebo, anaona mwanzo, anaiacha. Kisha akainama chini ya meza, akakuta waya mmoja umechomoka nusu.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Mkuu alikuwa ameingia nyuma yangu.

"Mama," Waya akasema, na sauti haikuwa yake, "umefagia hapa leo?"

"Nafagia kila siku."

"Umezivuta nyaya. Ndiyo maana! Ninahangaika tangu asubuhi, kumbe ni ufagio!"

"Miaka kumi na tisa," nikamwambia, "sijawahi kuvuta uzi wa mtu."

Mkuu akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Mama Chai, chumba hiki kiache mpaka Jumatatu."

Waya alikuwa ameshainama tena, hakuniangalia. Nikaokota ndoo yangu. Nikipita nyuma ya meza macho yakaenda kwenye zile nne zilizonyamaza. Nyoka, nyoka, nyoka, nyoka. Zile sita zilikuwa vikombe. Niliziona kama ninavyouona mkono wangu sasa hivi. Mdomo nikaufungua. Nikaufunga. Nikasema moyoni, mimi niliyeharibu kwa ufagio, nimwambie nini fundi? Nikatoka.

Dakika chache baadaye alirudisha ule waya mahali pake, na zile nne zikabaki kimya vile vile. Kwa hiyo alijua kuwa si mimi. Nikangoja aje kuomba radhi. Hakuja.

Alhamisi nikagawa chai vyumba vyote, chake nikakiweka sakafuni nje ya mlango. Ndani nikamsikia anafungua na kufunga vitu, anaongea na mashine, lakini hakuwa anazitania tena. Alikuwa anaziomba. Mchana vikombe vyote ishirini na sita vilikuwa tayari, na nyoka kumi na nne hazikutaka. Alipiga simu kwa waliouza, wakamwambia zote ni aina moja. Jioni nikaokota kikombe mlangoni, chai imejaa mpaka juu, imeshika utando. Nilirudi nyumbani kwangu, nikakaa kwenye kiti changu kimoja, nikajiambia Waya ana akili, ataliona mwenyewe.

Ijumaa, saa sita na nusu, nilipita na trei, mlango ukiwa wazi kidogo. Begi lake lilikuwa juu ya kile kiti cha pili, zipu imefungwa, na juu yake shati lililopigwa pasi. Alikuwa na simu sikioni, paji la uso ameliegemeza kwenye ile mashine mama.

"Nakuja, mwanangu," alikuwa anasema. "Hapana, sijabadilisha mawazo. Nakuja. Nimeshafunga begi." Kisha akasikiliza, akasema, "Usinisubiri kula."

Nikaingia. Nilikuwa nimekatazwa, nikaingia.

"Geuza hiyo," nikamwambia. "Soma lebo mpaka mwisho."

"Mama, tafadhali, si sasa."

"Soma mpaka mwisho, nimekwambia! Herufi kwa herufi, kama mtoto!"

Akaisoma. Akaichukua nyingine iliyokuwa nzima, akaisoma. Akaziweka mbili sambamba, kidole kwenye nyoka, kidole kwenye kikombe.

"Zina kipande tofauti ndani," akasema. "Jina moja, kipande tofauti. Dereva wao ni mwingine."

Kilichofuata alikifanya haraka hata sikuweza kukifuata chote. Nyoka moja ilikuwa bado na mambo yake ya kiwandani, hajaigusa. Akaiwasha, akamkuta dereva wake mle ndani, akamnakili, akamtia kwenye kianzio pamoja na yule wa kwanza. Akazichomeka zote kumi na nne kwa mpigo. Zikamwita mama. Mama akaitikia. Na safari hii, zikaomba picha.

Lakini picha inachukua muda wake. Ulikuwa mstari mwembamba unaojaa kutoka kushoto kwenda kulia, kumi na nne kwa pamoja, na hakuna wa kuusukuma. Saa saba na robo ulikuwa haujafika nusu. Waya akaenda kwa Mkuu, akamwambia zinaendelea, zitamaliza zenyewe. Mkuu akasema, "Nilisema nikiziona." Waya akarudi. Akasimama katikati ya chumba, begi begani. Mimi nilisimama mlangoni.

Zilimaliza saa nane na dakika ishirini. Mkuu akapita akizitazama moja moja, akatikisa kichwa kukubali. Dereva alikuwa ameshawasha gari nje, bila kuagizwa na mtu. "Panda, Waya! Wanachelewa kuondoka wale, nawajua!"

Dereva ndiye aliyenisimulia. Walipofika stendi, mahali pa basi palikuwa patupu, doa la mafuta tu chini. Waya alishuka, akasimama juu ya lile doa, akapiga simu. Ilikuwa simu fupi. Dereva akataka walifukuzie basi barabarani. Waya akamjibu kwamba hatamfukuzisha mtu kazi kwa gari la ofisi, akapanda kiti cha nyuma.

Jumatatu alinikuta jikoni. Akasimama huku ameshika kitasa.

"Mama, nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Haukuwa ufagio wako."

"Najua."

"Na bila wewe ningekuwa ninahangaika mpaka leo." Akatabasamu. "Uliigundua lini ile herufi?"

Maji yalikuwa yanachemka. Nikayatazama.

"Ijumaa hiyo hiyo," nikasema. "Nilipopita na chai."

"Mungu akubariki," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kila kompyuta zilipokuja alikuwa ananiita. "Mama, njoo unisomee mkia!" Nilikuwa naenda, nasoma kwa kidole, kikombe au nyoka, yeye anaandika. Wengine walicheka, yeye hapana. Binti alikuwa anampigia mara moja moja, kwanza kila mwezi, kisha sikuwa nasikia tena simu. Kiti cha pili akakijaza nyaya, na nikija na chai hakuziondoa tena. Mimi ndiye niliyeanza kuziondoa. Nikawa nakaa.

Aliacha kazi miaka mitatu baadaye, mgongo ukimsumbua, akaenda kuishi kwa dada yake. Sikupata habari zake tena.

Fundi aliyekuja baada yake ni msichana mwenye haraka. Siku moja akatoa kichwa mlangoni. "Bibi, kwenye mashine ya yule fundi mzee kuna folda mbili, moja Kikombe, nyingine Nyoka. Kila mtu ananiambia hajui. Nizifute?"

"Usizifute," nikamwambia. "Ni madereva."

Nikamweleza yote: lebo, ufagio, mkia wa neno. Alicheka pa kuchekea, na pa kunyamaza akanyamaza. Akaniuliza niliigundua siku gani ile herufi.

Nikamwambia Jumatano.