Aliyezaliwa na Sayansi

Baba alikuwa ameshasema: ripoti ikija na wino mwekundu, shule basi, naenda Kinkondja, ziwani, kwa shangazi kukausha samaki. Hakuwa na utani. Alikuwa askari, mtunza ghala kwenye kambi ya Kamina, na neno lake nyumbani lilikuwa amri. Nami nilichukia samaki, nilichukia moshi wao, na shangazi mwenyewe, Mungu anisamehe.

Ripoti ikaja. Kwenye Kiingereza nilipata 3/20, kwa wino mwekundu. Pembeni mwalimu wa somo hilo alikuwa ameandika neno moja tu, kwa mwandiko wa kujidai: nescience.

Baba alilisoma kwa Kifaransa, maana Kiingereza nyumbani kwetu hakikuwepo. Akalikata vipande viwili. Né, aliyezaliwa. Science, hiyo kila mtu anaijua. Na zile tatu? Akasema nimekuwa wa tatu kati ya ishirini, ingawa darasani tulikuwa hamsini na wawili. Na wino mwekundu kwake ukageuka wa heshima.

"Mama! Kuya uone! Mutoto yetu alizaliwaka na siansi!"

Maana ya neno lile sikuijua, lakini mwalimu nilimjua.

Jumapili kuku akachinjwa, majirani wa kambini wakaja, na mwalimu akaitwa kushukuriwa. Alikuja na abakosti, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, iliyopigwa pasi, na kamusi kwapani, maana bila kamusi yule bwana hakwenda hata chooni. Akala bukari, ugali wetu, akala paja, akapokea pongezi bila kujua za nini.

"Citoyen mwalimu," baba akasema, maana siku zile kila mtu aliitwa raia, "elezea bantu ile neno."

Mwalimu akang'aa. Nadhani hakuwahi kuombwa hivyo maishani. Akafuta vidole.

"Ni neno ya nadra! Hata Bangereza wengi hawaijue. Ni kukosa kujua. Lakini haiko ignorance, hapana! Ignorance, muntu anaweza kujua, anakataa. Nescience, hajue tu, juu hakuna muntu mwenye alimufundisha."

Majirani wakaacha kutafuna. Mama akashika kichwa. Mimi nilijiona tayari nimepanda baiskeli ya kwenda ziwani.

Baba alimaliza mfupa wake taratibu.

"Hakuna muntu mwenye alimufundisha?"

"Njo vile, citoyen."

"Na Kingereza, mwenye kumufundisha iko nani?"

Mwalimu akafungua kamusi, akaifunga. Mwishowe akakiri kwamba neno lenyewe alilikuta wiki ileile ya ripoti, akalipenda mno, akawa anatafuta mwanafunzi wa kulivaa. Nilitamani kumrushia sahani.

Baba akaingia ndani, akarudi na ripoti na kalamu, akaviweka mbele ya mwalimu, kando ya mifupa.

"Basi futa jina ya mutoto," akasema. "Andika yako."

Mwalimu akaandika. Septemba nikarudi darasani, na ile ripoti yenye jina la mwalimu baba akaitundika ukutani, kando ya picha ya harusi yake na mama.