Bibi Ninacho na Visu vya Watoto

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne. La, ngoja, nakosea. Mwaka wa themanini na nne nilikuwa bado nanoa kwa jiwe la mkono, nimechuchumaa barazani kwa watu kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Baiskeli ya kunolea niliipata baadaye, na siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa na baiskeli, maana nakumbuka niliiegemeza kwenye ukuta wa dada yangu na mnyororo ukanichafua suruali. Basi tuseme themanini na sita. Msinishike shati kwa sababu ya mwaka. Mengine yote nayakumbuka barabara.

Kazi yangu ni kunoa. Nanoa visu, mikasi, mapanga, hata nyembe za kinyozi mmoja mbishi ambaye kila mara husema nimemharibia. Jiwe nimelifunga mbele ya usukani. Nikisimamisha baiskeli kwenye stendi yake, nakanyaga pedali, jiwe linazunguka na mimi siendi popote. Watoto wa mitaani hupenda kuniuliza, "Mzee, utafika lini?" Nami huwajibu kwamba nimeshafika, nawasubiri wao.

Lakini leo sisemi habari zangu. Nasema habari za dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na akanitangulia kwa mambo mengi mengine. Mumewe alifariki mapema, akamlea mtoto wao mmoja kwa kupika katika shule ya bweni. Mgongo ulipochoka na masufuria yale ya kuinuliwa na watu wawili, akaacha, akafungua chekechea katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake. Meza za watoto alizipata kwa kuikata miguu meza kubwa ya chakula na kuipasua katikati. Aproni za watoto alizishona kutokana na mapazia ya zamani, kwa hiyo ukiingia pale asubuhi ulidhani madirisha yameota miguu na yanakimbizana.

Asubuhi ile aliniita akanipa kikapu cha visu vidogo, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi kwenye mpini.

"Vinoe viwe vikali," akasema.

"Vikali kama nini?"

"Kama ulimi wa marehemu mama mkwe wako."

Nikajua maana yake. Nikakanyaga pedali, nikavinoa kimoja kimoja, nikavijaribu kwenye nywele za mkono wangu mpaka mkono ukabaki na vipara. Sikuuliza vya nini. Kinyozi haulizi kichwa kinakwenda wapi, na mimi siulizi kisu kinakwenda wapi. Nilidhani labda amepata kazi ya kupikia karamu.

Nikaingia ndani kumrudishia kikapu chake. Watoto walikuwa wamekaa mezani, wadogo kabisa, wengine miguu haigusi sakafu, na mbele ya kila mmoja kuna ubao na tango. Dada akapokea kikapu, akazunguka meza, akawa anaviweka visu mbele yao kama mtu anayegawa penseli.

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha mtoto, basi nikajikuta nimekunjamana, magoti yangu yako kifuani, natazama visu nilivyovinoa mwenyewe vikiinuliwa na vidole ambavyo bado vina vishimo badala ya vifundo.

"Dada," nikasema.

"Mm."

"Hawa ni watoto."

"Ulidhani ni mbuzi?"

"Ungeniambia, ningeviacha butu."

"Ndiyo maana sikukuambia. Wewe ndiye unayesema kila siku kwamba wateja wako hujikata wiki ile kabla hawajakuita, kisu kikiwa butu. Sasa maneno yako yamekuwa mabaya?"

Ni kweli husema hivyo. Kisu butu hukandamizwa, kikikandamizwa huteleza, kikiteleza humrudia mwenyewe. Lakini hayo nilikuwa nayasema kwa watu wazima wenye meno yote.

Nikakaa nikatazama, kwa sababu kuinuka nisingeweza. Mkono unaoshika tango ulikunja vidole ndani, kucha zimefichwa, "kama paka aliyelala," dada akiwaambia. Kisu kilikwenda mbele na chini, hakikuelekea tumbo la mtu. Anayetaka kuzungumza alilaza kisu kwanza, ndipo akafungua mdomo. Walitulia kuliko nilivyowahi kuwaona.

Na kulikuwa na jambo moja walilolishika kuliko yote. Kisu hakikupewa mkono kwa mkono. Aliyenacho alikilaza ubaoni, akaacha vidole viwili juu ya mpini. Anayekitaka alishika mpini, akasema, "Ninacho." Hapo tu ndipo wa kwanza alipoondoa vidole vyake. Usiposema, hupewi, hata ungelia. Ndiyo asili ya jina ambalo mtaa ulimpa dada yangu: Bibi Ninacho. Akina mama walicheka wakaliendeleza, maana watoto walikwenda nalo nyumbani. Huwezi kupokea kikombe cha chai kwa mtoto wa pale mpaka uape kwamba unacho.

Mmoja wa watoto wale alikuwa mjukuu wake, binti wa mwanawe wa pekee. Tulimwita Kijiko, kwa kuwa alikuwa mwembamba mwili na mviringo kichwa. Kisu chake kilikuwa na uzi wa kijani. Alikata vipande vya tango vyembamba mpaka ungeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo.

Watoto walipotoka kucheza, dada alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie mwanangu."

"Hajui?"

"Mama zao wote wanajua. Yeye hajui. Siku akijua atamchukua mtoto, na akimchukua harudishi. Unamjua."

Namjua. Tangu azaliwe namjua. Alipokuwa mdogo, dada alikuwa akirudi kutoka jikoni kwa watu hataki hata kuona kisu. Visu vya nyumbani aliviweka juu ya kabati, akamwambia mtoto kwamba kisu hakina rafiki. Kila akiuliza, jibu lilikuwa hilo. Siku moja mama hayupo, mtoto akataka kumenya chungwa. Akapanda stuli, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashika asichokiona. Aliposhuka, alishuka pamoja na stuli. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia hakijakunjika tangu siku hiyo. Akawa mtu mzima, karani wa posta mwenye mhuri wake na tai yake, lakini mkate anakatiwa na mkewe.

"Watu husema mtoto akililia wembe mpe," dada akaniambia, akifuta ubao. "Wanampa, halafu wanaondoka wakasimame mlangoni wangoje kilio. Mimi nampa, nakaa naye. Yule wangu sikumpa wala sikukaa."

Nikamwambia sitasema. Na kweli sikusema. Hapakuwa na haja.

Wiki hiyohiyo, sijui siku gani, bomba lilipasuka posta wakafunga mapema. Mpwa wangu akaona bora apitie kumchukua binti yake. Mimi nilikuwa mle ndani, nimekuja kurekebisha mkasi mmoja uliolegea skrubu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya karoti. Mlango ulikuwa wazi, hakubisha. Nilimwona kabla dada hajamwona: amesimama kizingitini na mwavuli wake, mdomo umefunguka kidogo kama mtu anayetaka kupiga chafya.

Sijawahi kuona uso ukiishiwa damu upesi vile. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele, pengine watoto wangelaza visu. Alivuka chumba kwa hatua ndefu, akapita katikati ya viti, na Kijiko alikuwa katikati ya karoti, kisu mkononi, ananyanyua macho kwa furaha.

"Baba."

Baba mtu akanyoosha mkono, akashika kisu. Mpini ulikuwa umejaa ngumi ya mtoto, kwa hiyo alishika palipobaki. Akavuta.

Mtoto yeyote mwingine duniani angeachia. Huyu hakuachia. Alifundishwa kwamba kisu hakitoki mkononi mpaka upande wa pili useme, na upande wa pili ulikuwa haujasema. Akakaza ngumi, akatulia kama msumari, akamwambia kwa adabu, "Baba, hujasema."

Kisu nilikinoa mimi. Sitasema zaidi.

Damu ilipogusa ubao, nilisikia mlio mmoja tu, ta, wa visu vyote kulazwa kwa pamoja. Mikono yote midogo ikawa juu ya meza, imefunguka. Hakuna aliyelia. Mtoto mmoja akashuka kitini, akaenda akachukua kitambaa safi msumarini, akampa dada. Ndicho kilichonitisha kuliko damu, kimya kile. Watu wazima watatu chumbani: mmoja anavuja, mmoja ameganda na mkasi, mmoja tu ana akili; na watoto wote wana akili.

Dada akakandamiza kile kiganja. Mpwa wangu alikuwa akimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mama, umewapa visu."

"Inua mkono juu. Juu ya moyo."

"Mama, umewapa visu. Umempa mwanangu kisu."

"Nimempa."

"Mimi ulinificha."

Dada akakunja kitambaa upya. Akaendelea kukandamiza.

"Mimi ulinificha, yeye unampa," akarudia, taratibu, kama karani anayesoma anwani isiyoeleweka. Kisha akasema, "Hatarudi hapa."

"Mwanangu, keti kwanza."

"Hatarudi, Mama."

Akamchukua Kijiko kwa mkono mzima, wakatoka. Mwavuli aliuacha. Mtoto alikuwa akigeuka nyuma kutazama, aproni bado shingoni.

Jioni dada aliosha visu akavirudisha kwenye ubao wake wenye nafasi za kuvichomeka. Nafasi ya uzi wa kijani ikabaki wazi. Tukatafuta chini ya meza, kwenye maganda, kwenye ndoo. Hakipo. Nilitaka kumpa kingine nijazie pengo, akanikataza.

"Acha. Ni nafasi ya mtu hiyo."

Akaendelea kufundisha. Akina mama walikuja, wakauliza, wakaeleweshwa; mmoja alimtoa mwanawe, akamrudisha baada ya kuchoshwa naye nyumbani. Lakini dada alipungua. Akawa anaweka ubao na karoti mahali pa Kijiko kila asubuhi, na kila asubuhi anaondoa. Mwanawe hakuja wala hakutuma salamu. Nikawaza, kama ni adhabu, imempata mtu aliyekwisha kujiadhibu.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Naenda baiskeli inakonipeleka. Baada ya muda ilinipeleka mtaa wa mpwa wangu. Sitadanganya kwamba ilikwenda yenyewe. Mkewe alinisikia nikigonga kengele, akatoka.

"Karibu, Mjomba. Wapo jikoni."

Nikaingia nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nikasimama mlangoni.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye stuli, tai ameitupa begani, kiganja chake kina kovu jipya jekundu. Mbele yake kuna ubao na kiazi. Kijiko amesimama kando yake juu ya kreti ya soda, aproni ya pazia kiunoni. Kisu kimelala ubaoni, vidole viwili vya mtoto viko juu ya mpini.

"Baba, sema."

Yule mtu mzima akavuta ubao karibu. Akashika mpini, kidole chake kikavu kimesimama peke yake hewani kama mtu aliyekosa kiti.

"Ninacho."

"Kucha ndani. Paka amelala."

"Amelala," akasema baba mtu. Jasho lilikuwa likimtoka. Akakata kipande kimoja, kinene kama sabuni, akakitazama kana kwamba amekizaa.

Ndipo nikaona uzi wa kijani kwenye mpini.

Nikauliza, "Hiki kilifikaje hapa?"

Mpwa wangu akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama baba yake. Mke akafungua bomba akaanza kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

"Kimeanza kuwa butu, Mjomba," mpwa wangu akasema. Akakilaza ubaoni, akaweka vidole viwili juu ya mpini, akanisubiri. Nikashika.

"Ninacho," nikasema, nikakipeleka kwenye jiwe.

Jumatatu Kijiko alikuwa mahali pake, na kisu katika nafasi yake. Baba yake alimleta mwenyewe, akakaa kidogo kwenye vile viti vya watoto, magoti kifuani. Dada alimletea mwavuli wake. Hawakuzungumza habari za kidole wala za kiganja. Alimwekea ubao tu, na karoti.

Dada hakuuliza lolote kuhusu kisu, hadi alipofariki. Mimi nimeuliza. Nimemwuliza mpwa wangu, nimemwuliza mkewe, na Kijiko, ambaye sasa ana watoto wake, nilimwuliza juzi tu akacheka akanimiminia chai. Kwa sababu nilikuwepo, na macho yetu sote yalikuwa kwenye ule mkono unaovuja: ni nani kati ya wale wawili, baba na binti, aliyetoka na kile kisu?